Nyati wa peke yake: tunaotembea porini kwa miguu, tuambiane ukweli

Mgumu wa Momella

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi nilikuwa nashuka Mlima Meru na wageni wawili. Chini ya kambi ya Miriakamba tukapishana na kundi la vijana wa mjini wanapanda, kama kumi na wanne hivi. Wa mbele walikuwa na askari wao. Wa mwisho tulimkuta baadaye sana, yuko peke yake, kachomeka muziki masikioni, anamenya ndizi. Nikamuuliza, wenzako wako wapi? "Wako hapo mbele tu, kaka." Askari wetu akamwita mwenzake kwa redio, tukakaa na yule kijana mpaka wakaja kumchukua. Sikumgombeza. Ila kona aliyokuwa anaielekea naijua, na ndiyo imenifanya nifungue uzi huu.

Nimeanza Meru nikiwa mgumu, nabeba mizigo, sasa naongoza wageni. Kwa wasioujua mlima huu: unaanzia geti la Momella, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Siku ya kwanza unalala Miriakamba, mita 2,500 na ushee. Ya pili unalala Saddle, mita 3,570, halafu usiku wa manane unaanza kukitafuta kilele. Watu wakinipigia simu huuliza baridi, upepo na ule ukingo mwembamba wa kupita gizani. Hakuna anayeuliza habari za huku chini, kati ya geti na Miriakamba, kwenye nyasi na msitu. Na huku ndiko kuna nyati. Ndiyo sababu Meru hupandi bila askari wa hifadhi mwenye bunduki.

Sasa niwasimulie yaliyonipata.

Ilikuwa Novemba, mvua za vuli zimeanza, tunashuka siku ya mwisho kwa njia fupi. Mgeni wangu mmoja, mama wa makamo, goti lilikuwa limevimba. Wenzake walikuwa wanawahi gari, na askari alikuwa mmoja. Nikawaambia tangulieni, sisi tunakuja taratibu. Kosa lilikuwa hilo, na lilikuwa langu, kwa sababu ningesema neno moja tu kundi zima lingesimama.

Tumefika mahali njia inapinda, vichaka pande zote mbili. Kwanza nikasikia harufu ya zizi. Kabla sijaifikiria, shashi wakaruka, wale ndege wadogo wanaokula kupe mgongoni mwa nyati, na mlio wao wa kukwaruza kama mtu anayechana kitambaa. Halafu akasimama. Alikuwa amelala kwenye tope, dume mzee, hatua ishirini kutoka tulipo. Mpaka leo nikifumba macho namwona: tope limekauka juu ya pembe na kupasuka kama ardhi ya kiangazi, sikio la kushoto limechanika, pua imelowa, kaiinua juu anavuta hewa. Upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwetu, kwa hiyo harufu yetu hakuwa nayo. Alikuwa anajaribu kutujua ni kina nani.

Nikamshika yule mama mkono, nikamwambia kwa sauti ya chini asikimbie. Nyuma yetu kulikuwa na mti mnene. Tukarudi kinyumenyume, hatua, tunasimama, hatua, tunasimama, mpaka shina likawa kati yetu na yeye. Nyati akakoroma, akatikisa kichwa, akaja hatua tatu. Kisha akageuka, akaingia kichakani, vichaka vikavunjika kama gari limepita. Nikapuliza filimbi. Askari alitumia dakika kumi kutufikia. Hesabuni wenyewe: dakika kumi, na nyati alikuwa hatua ishirini.

Toka siku hiyo nina msimamo mmoja. Kwa kawaida mnyama wa porini hamwindi mtembeaji. Wengi wanaoumizwa wameumizwa kwa sababu wamemshtua mnyama akiwa karibu mno, naye hana nafasi ya kufikiri. Kwa hiyo kazi yetu yote ni moja, asishtuke. Na silaha ya kwanza ni kundi kutembea pamoja, askari mbele, wote mnaonana. Anayetembea polepole kuliko wote ndiye anayepanga mwendo wa kundi.

Nyati wa kundi kubwa hanitishi sana, kwa sababu mamia ya macho na pua yamekuona zamani. Anayetisha ni dume mzee aliyeachana na kundi. Anaishi peke yake au na wenzake wawili watatu, analala kwenye tope na vichaka mchana, na hana wa kumlindia mgongo. Ukimtokea ghafla, kwake kujihami ni kushambulia.

Kuna wanaosema porini tembea kimya kabisa. Wengine wanabeba spika ya muziki wakidhani kelele inafukuza. Mimi nakataa yote mawili. Ukiwa kimya unamtokea mnyama kama mwizi. Ukiwa na muziki, yeye anakusikia lakini wewe humsikii, na shashi wangu wasingenisaidia kitu. Ongeeni kwa sauti ya kawaida, na mkikaribia kona au kichaka kizito, pigeni makofi mawili matatu au askari aite. Kama upepo unavuma kutoka mgongoni kwenu, mna bahati, harufu imeshatangulia kubisha hodi.

Nawakaribisha wenye uzoefu wa milima mingine.

Njia ya Mianzi

Asante sana kwa huu uzi, ndugu. Mimi niko Nairobi, hupanda Elephant Hill kule Aberdare karibu kila mwezi. Kwetu shida kubwa ni ndovu. Ule ukanda wa mianzi ni mzito, huwezi kuona hata mita tano, na njia tunazotumia binadamu zimefunguliwa na ndovu wenyewe. Tunapita kwenye barabara ya mwenyewe.

Mwaka jana tulikuwa tumebakisha kama saa moja na nusu kufika juu. Askari wetu akainama, akaonyesha kinyesi. Kilikuwa bado kinatoa mvuke kwenye baridi ya asubuhi. Kando yake mianzi imevunjwa, na pale ilipovunjika maji bado yanatiririka. Akaweka mgongo wa mkono juu ya kinyesi, akanyamaza, akasikiliza. Tukasikia tumbo la ndovu likinguruma ndani ya mianzi. Hatukumwona hata kidogo. Akatugeuza tukarudi.

Wengine walinung'unika, kwamba tumelipa gari, tumelipa ada, tumeamka saa tisa usiku. Nilimtetea yule askari mbele yao wote na ningemtetea tena. Kinyesi kikavu hakina neno. Kikiwa na mvuke, safari imekwisha kwa siku hiyo. Mlima hauhami.

Mgumu wa Momella

Njia ya Mianzi, umenena. Nikazie hapo kwa askari. Watu wanadhani wanalipia bunduki. Miaka yangu yote nimesikia risasi mara moja tu, nayo ilipigwa hewani. Unacholipia ni masikio na macho ya mtu anayejua jana nyati walilala wapi. Akisema simama, simama hapohapo, usimalize hata hatua uliyoianza. Na usijipange nyuma yake ukiwa umebeba simu ya kupiga picha badala ya kumwangalia yeye.

Kuhusu tembo, haya ndiyo niliyofundishwa na nimeyaona. Anapokutisha hujifanya mkubwa: masikio ameyatandaza, kichwa juu, anapiga tarumbeta, anarusha vumbi, anakuja mbio halafu anasimama. Hapo anakuomba uondoke. Simama kwanza, usimpe mgongo, akitulia rudi nyuma polepole ukiwa umekaa upande ambao upepo haumpelekei harufu yako. Akikunja mkonga chini ya kidevu, masikio ameyalaza nyuma, kichwa kimeinama, na anakuja bila sauti, huyo haombi tena. Tafuta mti mnene, mwamba, korongo, kitu chochote cha kuweka kati yenu. Tupa begi chini, mara nyingine hulishughulikia hilo kwanza. Dume mwenye majimaji yanayochuruzika kati ya jicho na sikio, na anayechuruzisha mkojo akitembea, yuko kwenye joto la kutafuta jike. Huyo hata ukimwona mbali, badilisha njia.

Na kwa tembo mwenye mtoto, usisubiri kuonyeshwa dalili yoyote.

Mwalimu Tengeru

Kaka Mgumu, shikamoo kama umri unaruhusu. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Mwezi ujao nina wanafunzi 22 wa kidato cha tatu, tunataka kutembea na askari kutoka Momella hadi maporomoko ya Tululusia na kurudi. Wazazi wawili wameniambia wanaogopa. Nimewajibu kwamba ni salama, lakini baada ya kusoma uzi huu nimejiuliza nimewajibu kwa msingi gani. Nifanye nini? Na chakula cha watoto nakiweka wapi?

Muuguzi wa Zamu

Mwalimu, wakati kaka anakujibu habari za nyati, mimi naomba niseme ya nyoka, kwa kuwa nyati mtamwona na nyoka hamtamwona.

Nafanya kazi wodini. Anayetuletea wagonjwa wengi ni kifutu. Nyoka wengine wakisikia mtikisiko wa miguu hukimbia. Kifutu anaamini rangi yake, analala palepale njiani akiota joto, ananenepa kama gunia dogo, hadi mtu amkanyage. Kwa hiyo viatu vilivyofunika kifundo cha mguu, suruali ndefu, macho chini. Gogo likilala njiani, usilivuke kwa kuruka. Kanyaga juu yake kwanza uone upande wa pili. Usiingize mkono chini ya jiwe, na usikae kwenye jiwe kabla hujalizunguka.

Akiuma, jambo linalonikera kuliko yote ni mgonjwa kuletwa amefungwa kamba kwa nguvu juu ya jeraha. Sumu ya kifutu inaua nyama mahali ilipo. Ukifunga kamba unaifungia palepale, na damu haifiki. Nimeona mguu ambao ungepona ukaishia kukatwa. Msichanje kwa wembe, msinyonye, msipake mafuta ya taa. Na lile jiwe jeusi la nyoka, najua nawaudhi wengi, halinyonyi sumu. Linapoteza saa ambazo mgonjwa angekuwa njiani kuja hospitali.

Cha kufanya: mtu alale atulie, vua pete, saa na viatu kabla mguu au mkono haujavimba, funga ubao au fimbo pembeni ya kiungo ili kisitikisike, kama mnavyofunga mfupa uliovunjika. Asitembee, abebwe. Msimfuate nyoka kumuua. Aliyemfuata ndiye huwa mgonjwa wa pili. Mpelekeni kwenye hospitali yenye dawa ya kuzuia sumu, na pigeni simu kabla kuhakikisha ipo, maana si kila kituo kinayo. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka, robo saa au zaidi, usisugue, kisha hospitali.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahaulika, na makadirio yake ni vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani. Neno "yaliyosahaulika" naliona kila ninapokuwa zamu.

Fimbo ya Endulen

Nimekulia kwenye nyanda za juu za Ngorongoro, nimechunga ng'ombe tangu nina miaka saba. Niongeze ya simba, maana Meru hamumtaji.

Mkikutana, usikimbie. Ukikimbia umeshajiita swala. Msimame mkiwa mmebanana, mmtazame, mpandishe mikono au shuka muonekane wakubwa, mseme naye kwa sauti nzito. Akisimama, mnarudi nyuma kidogo kidogo, uso kwake muda wote. Mchungaji wa kwetu anajua hili kabla hajajua kusoma. Chui ni tofauti: ukimwona amejilaza kichakani, jifanye hukumwona, usimkazie macho, endelea kuondoka. Anapogundua kwamba umemwona ndipo anapohisi amebanwa.

Jambo jingine ni saa. Wageni wanapenda kuanza safari kabla jua halijatoka. Sisi ng'ombe hawatoki zizini mpaka jua liwe limepanda na umande umeanza kukauka, kwa sababu alfajiri wakali bado wako kazini. Wanaoshuka kreta ya Empakaai, hukohuko kwetu Ngorongoro, waanze kukiwa kweupe kabisa, wapande mapema. Nyati na fisi wako kwenye msitu ule.

Mgumu wa Momella

Mwalimu Tengeru, marahaba, na pole kwa kusubiri.

Kwa watoto 22 omba askari wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na wewe kaa katikati na yule mtoto anayetembea polepole kuliko wote. Wapange wawili wawili, kila mmoja awajibike kwa mwenzake. Kabla hamjatoka getini wafundishe ishara moja tu: askari akiinua mkono, wote kimya na wote kama wamegandishwa. Rudieni mara tatu. Watoto wa kidato cha tatu wakishtuka hupiga kelele na kutawanyika, na hicho ndicho kitu pekee kinachonitia hofu katika safari yako. Atakayehitaji kwenda haja asiingie kichakani peke yake. Askari atazame kwanza, wenzake wampe mgongo wakiwa hatua chache. Filimbi moja kwa kila watoto watano, na isipulizwe kwa mchezo.

Chakula kiacheni kwenye gari, vioo vimefungwa. Msile njiani. Nyani anajua sauti ya mfuko wa plastiki kuliko mtoto anavyoijua kengele ya shule. Akinyakua, mwachieni. Mtoto anayevutana na nyani ataumwa, na meno ya nyani dume ni marefu kuliko ya mbwa yeyote aliyewahi kumwona. Na wasimcheke nyani wala kumwonyesha meno. Kwake meno ni matusi.

Wazazi waambie hivi: hatari ipo, na haya ndiyo tutakayofanya. Mzazi akisikia mpango anaamua vizuri zaidi kuliko akisikia neno salama.

Muuguzi, asante kwa ya jiwe jeusi. Mimi nilikuwa natembea nalo begini miaka mingi. Nimelitoa leo.

Binti Lushoto

Naomba kuuliza ya usiku. Nililala msituni kwenye hema mara ya kwanza Desemba, nikasikia mlio kama mtu ananyongwa, unaanza taratibu halafu unapanda, unapanda. Sikulala mpaka asubuhi. Ni nini kile?

Mgumu wa Momella

Dada, huyo ni perere. Mnyama mdogo wa mtini, wa ukoo mmoja na pimbi, ukubwa wa sungura. Wagumu wapya wote wamewahi kulala macho kwa ajili yake. Hana madhara yoyote, na sasa utalala.

Ila usiku una mambo mengine. Funga zipu ya hema mpaka mwisho, na usilale kichwa kikiwa nje hata kama kuna joto. Fisi haingii hema lililofungwa kwa kawaida, lakini mtu aliyelala wazi hawezi kumwamini. Viatu viingie ndani, na asubuhi vikung'ute. Chakula na hata dawa ya meno visikae ndani ya hema lako. Vikae kwa mpishi, kwenye vyombo vinavyofungwa. Ukitoka kujisaidia, kabla hujakanyaga chini zungusha tochi polepole. Macho yaking'aa, subiri. Mmulike bila kumkimbilia, mwite mwenzako.

Na siafu jamani. Watu wanawaza simba, hawawazi siafu. Kabla ya kusimamisha hema angalia kama kuna mstari wao unakatiza. Wakishaingia usiku, hakuna kuwapigania: toka, hamisha hema, vua nguo zote ukiwachomoa mmoja mmoja. Majivu yaliyomwagwa kuzunguka hema hupunguza.

Jambo moja limenikaa moyoni na nisingependa uzi upite bila kulisema. Sisi tunalipa ili tuwe karibu na wanyama hawa, tukiwa na askari. Mama wa Ngarenanyuki, jirani na hifadhi, anakutana na nyati yuleyule akienda shambani alfajiri, ana jembe tu. Ikitokea msiba kuna kifuta machozi cha serikali, na jina lake lenyewe linajieleza. Mnapopita vijijini kuja getini, salimieni, ulizeni wanyama wako wapi leo. Hao ndio wanaojua kabla yetu.

Mwalimu Tengeru

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Tulikwenda Alhamisi. Wazazi wote walisaini, hata wale wawili. Askari walikuwa wawili. Tukiwa tumekaribia Tululusia, askari wa mbele aliinua mkono. Watoto 22 waliganda. Nilisikia mpaka inzi. Mbele yetu, mbali kiasi, nyati watatu wamelala njiani, shashi mgongoni. Askari akasema tusubiri. Tukakaa chini tulipo, dakika arobaini, hakuna aliyenung'unika. Binti mmoja akaninong'oneza kwamba upepo unatoka kwao kuja kwetu, ndiyo maana hawajatujua. Baadaye askari akapiga makofi mara mbili, wakainuka, wakatutazama kwa muda, wakaondoka. Maporomoko tuliyaona.

Mgumu wa Momella

Dakika arobaini na kidato cha tatu! Mwalimu, hongera sana, umenifurahisha kuliko unavyojua. Na chakula?

Mwalimu Tengeru

Kwenye gari, vioo vimefungwa. Tulikuta alama za vidole vya nyani kwenye kioo cha nyuma.